Siku 15 za kuiangusha nyumba ya Usher

Moto ulikuwa umepita kwenye vilima vya Hollywood na kuacha miti imesimama myeusi kama makaa, chini kumetandwa majivu. Watu walikaa mbali na mahali pale. Roger Corman, mwongozaji wa filamu aliyekuwa na umri wa miaka 33, aliposikia habari za moto huo aliona neema. Aliwakusanya wapigapicha wake, akampandisha farasi mwigizaji kijana Mark Damon, akamwambia apite taratibu katikati ya miti iliyoungua. Wakaongeza ukungu wa kutengeneza. Farasi akakanyaga majivu, kijana akaangaza macho huku na huko akitafuta njia, na kamera ikamfuata. Hakuna jani bichi katika picha zile, wala ndege anayeruka.

Hivyo ndivyo inavyoanza House of Usher, filamu ya kutisha iliyoingia kwenye kumbi za Marekani katikati ya mwaka 1960. Ilipigwa kwa siku 15 tu, kwa bajeti ya takribani dola 300,000. Ili msomaji apate picha kamili, Ben-Hur, iliyotoka mwaka mmoja kabla, ilitumia takribani dola milioni 15. Fedha za Ben-Hur zingetosha kutengeneza Usher hamsini.

Habari za filamu hii husimuliwa mara nyingi kama habari za ubanaji wa matumizi: jinsi mtu mmoja alivyookota hiki na kile akapata sinema. Mimi naiona kuwa habari ya mtu aliyejua kuchagua hadithi. Corman alikuwa na pesa kidogo, muda mfupi na waigizaji wachache, na katika maktaba yote ya dunia alichagua hadithi isiyohitaji zaidi ya hivyo.

Hadithi yenyewe ilikuwa imetimiza miaka 120. Edgar Allan Poe aliichapisha Septemba 1839 katika jarida la Burton's Gentleman's Magazine mjini Philadelphia, alikokuwa mhariri msaidizi kwa mshahara wa dola 10 kwa wiki. Ilipoingizwa kwenye mkusanyiko wa hadithi zake uliochapishwa na Lea & Blanchard, malipo ya Poe yalikuwa nakala 20 za kitabu. Fedha hakupewa. Huyu ni mtu aliyefiwa na mama yake kwa kifua kikuu akiwa hajatimiza miaka mitatu, akaja kumzika mkewe Virginia kwa ugonjwa huohuo mwaka 1847, na yeye mwenyewe akafia Baltimore mwaka 1849 akiwa na miaka 40. Anapoandika kuhusu mwanamke anayedhoofika chumbani huku watu wa nyumbani wakisikiliza pumzi yake, anaandika jambo alilolijua kwa karibu.

Kwa asiyeisoma, hadithi ni hii. Msimuliaji, ambaye hatajwi jina, anapata barua kutoka kwa rafiki yake wa utotoni, Roderick Usher, akimsihi aje. Anakuta jumba la mawe lililozeeka, mbele yake ziwa dogo la maji meusi, na ukutani ufa mwembamba unaoshuka kutoka paani hadi majini. Roderick anaumwa ugonjwa wa ajabu: mwanga unamchoma, harufu ya maua inamtesa, sauti zinamuumiza isipokuwa za ala chache za nyuzi. Dada yake pacha, Madeline, ana maradhi ya kukakamaa mwili hadi afanane na maiti. Siku moja inasemekana amekufa. Wanamlaza chini ya nyumba, kwenye chumba cha mawe. Kisha, usiku wa dhoruba, zinaanza kusikika sauti.

Poe mwenyewe anaeleza kwamba watu wa kijijini walipotaja nyumba ya Usher walikuwa na maana mbili kwa pamoja: jengo na ukoo. Kwa Kiingereza ilibidi alifafanue jambo hilo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji ufafanuzi, kwa kuwa tunaposema nyumba ya fulani hatuzungumzii kuta peke yake, tunazungumzia watoto, wajukuu, jina na sifa ya watu wale. Na tuna methali ya ufa tangu zamani. Usher ni mtu aliyeuona ufa ukutani kila asubuhi, hakuuziba, wala hakukusudia kujenga ukuta.

Hofu ya kuzikwa hai ilikuwa hofu ya kweli katika karne ile. Madaktari hawakuwa na vyombo vya uhakika vya kuthibitisha kifo, na wapo mafundi waliosajili majeneza yenye kamba na kengele ili aliyezinduka ndani aweze kuita. Poe alichukua hofu iliyokuwa mdomoni mwa watu wa mitaani akaiweka katika nyumba ya matajiri.

Corman aliisoma hadithi hiyo akiwa mwanafunzi wa sekondari, kama kazi aliyopewa darasani. Ilimkaa rohoni kiasi kwamba Krismasi ilipofika aliwaomba wazazi wake wampe vitabu vyote vya Poe. Alizaliwa Detroit mwaka 1926, akasomea uhandisi Chuo Kikuu cha Stanford, akapata kazi katika kiwanda cha mota za umeme. Aliripoti Jumatatu, na Alhamisi akaacha. Akaenda kubeba barua katika studio za 20th Century Fox. Mwaka 1954 alitayarisha filamu yake ya dubwana la baharini, Monster from the Ocean Floor, kwa kiasi cha dola 12,000, na tangu hapo hakupumzika. Elimu ya uhandisi hakuitupa. Alipanga siku ya kupiga picha kama fundi anavyopanga siku ya kumwaga zege, kila mtu akijua anasimama wapi na saa ngapi.

Filamu zake nyingi zilisambazwa na kampuni ya American International Pictures, ya James Nicholson na mwanasheria Samuel Arkoff. Biashara yao ilieleweka vizuri. Walitengeneza filamu mbili za nyeusi na nyeupe, kila moja kwa siku kama 10 na dola kama 100,000, wakaziuza kwa pamoja kwa tiketi moja. Wateja wao walikuwa vijana, hasa wale wa sinema za kutazamwa ndani ya gari. Waliokulia Dar es Salaam enzi za Drive-In ya Msasani, au Nairobi enzi za Belle Vue, wanaujua mtindo huo: familia nzima kiti cha nyuma, spika imening'inizwa dirishani.

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 biashara hiyo ilikuwa imeanza kuchosha. Kutoka Uingereza, kampuni ya Hammer ilikuwa imeleta Frankenstein mwaka 1957 na Dracula mwaka 1958, zote kwa rangi, na damu ilionekana nyekundu kwelikweli. Corman aliombwa tena filamu mbili za bei rahisi. Akajibu kwa pendekezo lake: mnipe fedha za zile mbili na nyongeza kidogo, mnipe siku 15, nami nitawapa filamu moja ya rangi, kwenye skrini pana, kutoka kwa Poe.

Corman alisimulia mara nyingi yaliyofuata. Arkoff aliisoma habari ile akauliza zimwi liko wapi. Filamu ya kutisha bila zimwi haikuwa imewahi kuingia kwenye hesabu zake. Corman akamjibu kwamba nyumba ndiyo zimwi. Likapita. Baadaye, wakati wa kupiga picha, Vincent Price, aliyeigiza Roderick, aliuliza maana ya maneno aliyoandikiwa kusema, kwamba nyumba ile inaishi na kupumua. Corman akamweleza kuwa ni kwa sababu ya maneno hayo wameruhusiwa kuitengeneza filamu. Price akaelewa, na akayatamka kwa uzito wote aliokuwa nao.

Jibu lile kwa Arkoff huchukuliwa kama ujanja wa mfanyabiashara. Nadhani lilikuwa usomaji sahihi kabisa wa Poe. Katika hadithi, Roderick anaamini kwamba mawe ya jumba lake yana hisia, kwamba kuvu iliyotanda ukutani na maji yaliyosimama mbele ya mlango vimeungana miaka na miaka hadi vikapata uhai. Corman aliishika imani hiyo na kuifanya kanuni ya kazi. Zimwi la mpira lingetaka fundi wa kulishona, mtu wa kulivaa na mwanga wa kuficha zipu yake. Nyumba ilitaka mbao zinazolia na kandili inayoanguka.

Kuiandika filamu alipewa Richard Matheson, mwandishi wa riwaya ya I Am Legend ya mwaka 1954. Tatizo lake lilikuwa wazi: hadithi ya Poe ina kurasa chache na karibu haina tendo. Matheson alimgeuza rafiki wa utotoni kuwa mchumba. Kijana huyo, Philip Winthrop, anatoka Boston kuja kumchukua Madeline wakafunge ndoa, na kaka mtu anakataa. Anakataa kwa sababu anaamini damu ya akina Usher imeoza, kwamba mababu zao walikuwa wauaji, wezi na wafanyabiashara ya watumwa, na kwamba ukoo lazima uishie hapo. Kwa badiliko hilo tulipoteza kitu. Kwa Poe hatujui kwa uhakika nani mgonjwa na nani mzima, na msimuliaji mwenyewe anaanza kuchanganyikiwa; kwa Matheson tuna kijana mzima kabisa anayegonga meza akidai haki yake. Na Mark Damon, kusema kweli, anagonga meza mara nyingi mno.

Lakini Matheson alitupatia pia jambo ambalo Poe hakuliandika.

Madeline amelazwa ndani ya jeneza, katika kanisa dogo la nyumbani. Philip amepiga magoti, amejaa simanzi. Roderick amesimama upande wa pili. Kamera inashuka kwenye mikono ya marehemu iliyokunjwa kifuani, na kidole kinacheza. Kinacheza kidogo tu, kama cha mtu anayeota. Roderick anakiona. Sisi tunakiona. Philip hakukiona. Roderick anasogea, anafunga kifuniko, na uso wake haubadiliki.

Hakuna muziki wa kushtua, hakuna kelele. Kuanzia hapo mtazamaji anakaa na siri ambayo kijana hana, na kila hatua anayopiga Philip ndani ya nyumba inauma, kwa sababu tunajua kilichoko chini ya miguu yake. Tendo hilo liligharimu mkono mmoja, kifuniko kimoja na mwigizaji anayejua kutulia. Nimeona filamu zilizomwaga mamilioni zisifikie nusu yake.

Mwigizaji huyo ni Vincent Price. Alizaliwa St. Louis mwaka 1911, akasomea historia ya sanaa Yale, akawa mkusanyaji wa michoro maisha yake yote. Watazamaji walikuwa wamekwisha kumzoea katika House of Wax na The Fly. Kwa ajili ya Usher alinyoa masharubu yake na kuzibadilisha nywele zake kuwa nyeupe, akabaki na uso ulio kama haujawahi kuona jua. Anaongea kwa sauti ya chini. Anashtuka kila mlango unapofungwa kwa nguvu. Mgeni anapoingia, mtumishi Bristol anamwomba avue viatu na kuvaa ndara laini, kwa kuwa bwana wa nyumba hawezi kuvumilia mlio wa hatua. Ni jambo dogo, na kwetu kuvua viatu mlangoni ni adabu ya kila siku, lakini pale linamvua mgeni silaha yake ya kwanza: hawezi hata kutembea kwa namna yake.

Waigizaji wakuu walikuwa wanne tu: Price, Damon, Myrna Fahey aliyekuwa Madeline, na Harry Ellerbe aliyekuwa Bristol. Wachache hivyo katika jumba kubwa hivyo, na vyumba vyote vinaonekana vitupu. Filamu yenye fedha ingejaza wapishi, watunza farasi na majirani. Hapa ukoo unamalizika, na macho yanaona kwamba umebaki watu wawili.

Jumba lenyewe halikuwahi kujengwa. Kwa nje ni mchoro. Kwa ndani ni kazi ya Daniel Haller, aliyechukua kuta, nguzo na ngazi zilizotumika katika filamu za wengine, akazipanga upya na kuzipaka rangi. Picha za mababu zinazoning'inia ukutani zilichorwa na Burt Shonberg, nyuso zimepotoka, rangi zimewaka kama homa. Corman alisisitiza kwamba ulimwengu wa Poe ni ulimwengu wa ndani ya akili, hivyo hakutaka mchana halisi uingie. Ndiyo maana alipohitaji picha za nje alikwenda kwenye msitu ulioungua.

Kamera alimpa Floyd Crosby, mzee wa kazi aliyetwaa Oscar kwa filamu ya Tabu ya mwaka 1931 na kupiga picha za High Noon mwaka 1952. Mtu wa daraja lake kukubali kazi ya siku 15 ni jambo la kustaajabisha, na matokeo yanaonekana. Kamera haitulii. Inamfuata Philip kwenye korido, inazunguka nguzo, inapita nyuma ya viti, na kwa kuwa skrini ni pana daima pana upande wenye giza ambako jicho lako linarudi kuchungulia. Kuta ni chache, lakini namna zinavyopitiwa unadhani nyumba haina mwisho.

Mwisho wa filamu ulihitaji nyumba kuwaka moto. Corman alipata habari za ghala kuukuu katika wilaya ya Orange lililokuwa libomolewe kupisha ujenzi. Akaongea na wenyewe walichome usiku badala ya kulibomoa mchana, akaweka kamera, na mapaa yakaanguka yakiwaka mbele yake. Picha zile zilikuwa nzuri mno. Alizitumia tena katika filamu nyingine za Poe, na anayezitazama zote kwa mfululizo ataanza kuyatambua mapaa yaleyale. Hilo naliona kasoro. Mara ya kwanza yalianguka pamoja na ukoo wa Usher. Zilizofuata yalianguka tu.

Filamu ilirudisha fedha zake mara kadhaa, ikaiingizia kampuni zaidi ya dola milioni moja. Kilichofuata ni mfululizo uliodumu hadi 1964: The Pit and the Pendulum mwaka 1961, Premature Burial na Tales of Terror mwaka 1962, The Raven mwaka 1963, kisha The Masque of the Red Death na The Tomb of Ligeia, zote mbili zilizopigwa Uingereza. The Haunted Palace ya 1963 ilipewa jina la shairi la Poe ingawa kisa chake ni cha H. P. Lovecraft. Haller hakutupa kuta zake. Kila filamu ilirithi za iliyotangulia na kuongeza, na kasri likazidi kuwa kubwa. The Raven ilipomalizika na mapambo yake yakiwa bado yamesimama, Corman alimtumia Boris Karloff kwa siku chache humohumo kuanzisha filamu nyingine, The Terror, ambayo ndani yake yumo kijana aliyeitwa Jack Nicholson. Francis Ford Coppola, Martin Scorsese na James Cameron nao walipita mikononi mwa Corman kabla dunia haijawajua.

Corman hakuwa wa kwanza kuingia nyumba ya Usher. Mwaka 1928 zilitoka filamu mbili kwa mkupuo. Ufaransa, Jean Epstein aliitengeneza kwa mapazia yanayopepea na mishumaa inayolia nta, akiwa na Luis Buñuel kama msaidizi kwa muda. Marekani, mjini Rochester, James Sibley Watson na Melville Webber walitengeneza ya dakika 13, bila maneno, iliyojaa vivuli na ngazi zinazopindana. Kwa sanaa tupu, ya Epstein inazidi ya Corman. Lakini ni ya Corman iliyompeleka Poe kwa vijana waliokwenda sinema Jumamosi usiku wakitafuta woga na soda. Maktaba ya Bunge la Marekani imeziweka zote mbili za kwao kwenye orodha ya filamu za taifa za kuhifadhiwa: ya Rochester mwaka 2000, ya Corman mwaka 2005.

Corman alipewa Oscar ya heshima mwaka 2009. Alifariki Mei 9, 2024, nyumbani kwake Santa Monica, akiwa na miaka 98. Familia yake ilieleza kwamba alipoulizwa angependa akumbukwe vipi alijibu kuwa alikuwa mtengeneza filamu, basi.

Mara ya kwanza nilipoitazama House of Usher ilikuwa usiku wa upepo, na ilipokwisha nilibaki nimekaa nikisikiliza mabati ya nyumba yetu yakilia. Nimeirudia mara kadhaa tangu hapo, na kila mara ninangoja kile kidole. Filamu haifiki saa moja na nusu. Ukiipata, usiitazame kwenye simu: itafutie skrini kubwa, uzime taa, na ufungulie sauti, kwa sababu zimwi la filamu hii ni mlio wa mbao.